Muswada Hauzaliwi Bungeni: Kisa cha Watu 12 wa George Yard

Kuna kazi moja ambayo miaka hii imepata wenyewe hapa mjini. Pita kwenye majengo marefu ya Dar es Salaam au Nairobi, soma vibao vya milangoni: Meneja Mahusiano na Serikali, Mkuu wa Masuala ya Umma, Ofisa Ushawishi na Utetezi. Makampuni ya simu yana watu hawa, mabenki yanao, migodi inayo hiyo idara, na mashirika ya haki za binadamu nayo hayako nyuma. Waulize kazi yao ni ipi, watakupa maelezo marefu yenye maneno ya semina. Ukiyakamua yote linabaki tone moja: kuhakikisha kwamba sera na sheria zinapoandikwa, aliyewaajiri hasahauliki.

Sisi waandishi wa habari tunakutana nao kila wiki, na kwa muda niliokaa kwenye kazi hii nimewagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la zimamoto. Hawa husubiri mpaka muswada umeshasomwa Bungeni mara ya kwanza, ndipo wanakurupuka kuitisha mkutano na waandishi. Utakuta bango ukutani, chupa za maji mezani, na taarifa ya kurasa nne inayoanza na "tumesikitishwa". Sisi tunaandika, gazeti linatoka, muswada unapita. Fungu la pili huwaoni kwenye mikutano hiyo. Kazi yao waliimaliza miaka miwili nyuma, wakati muswada ulikuwa bado wazo tu kichwani mwa mtaalamu fulani wa wizara aliyekuwa akihangaika kutafuta takwimu. Wao ndio waliompelekea hizo takwimu.

Wengi wetu tunadhani huu ni ujanja wa juzi juzi, uliokuja na kompyuta na suti. Hapana, ndugu zangu. Una zaidi ya miaka 200. Moja ya timu za mwanzo kabisa kuufanya kwa mpangilio ilikutana kwenye duka la kuchapa na kuuza vitabu jijini London, kwenye kichochoro kiitwacho George Yard, tarehe 22 Mei 1787. Walikuwa watu 12. Biashara waliyotaka ifutwe ilikuwa halali kisheria, ilikuwa inaingiza fedha nyingi, na ilikuwa na wabunge wake. Ilikuwa biashara ya kuuza Waafrika.

Nataka niwasimulie walivyofanya, na pia nani alilipwa mwishoni. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo inayoninyima usingizi.

Turudi nyuma kidogo. Kati ya hao 12, tisa walikuwa waumini wa madhehebu ya Quaker, wale ambao leo wana wafuasi wengi sana magharibi mwa Kenya. Waquaker walikuwa wameupinga utumwa kwa muda mrefu. Mwaka 1783 walipeleka Bungeni petisheni yenye saini zaidi ya 200 wakitaka biashara hiyo ipigwe marufuku. Unajua kilichotokea? Waliambiwa kwamba wana moyo mzuri, ila biashara yenyewe ni ya lazima kwa mataifa ya Ulaya. Karatasi ikawekwa mezani, ikalala. Hata kugombea ubunge wasingeweza, maana imani yao iliwakataza kula kiapo, na bila kiapo hukai Bungeni. Kwa hiyo walikuwa na ukweli mkononi, lakini hawakuwa na mlango wa kuupitishia.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1785, na aliyeufungua alikuwa kijana wa miaka 25 aliyekuwa anatafuta sifa ya shule tu. Thomas Clarkson, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliingia kwenye shindano la insha ya Kilatini. Swali lilikuwa: je, ni halali kuwafanya watu watumwa bila ridhaa yao? Akasoma, akaandika, akashinda. Tatizo ni kwamba aliyoyasoma yaligoma kumtoka kichwani. Akiwa njiani kwenda London kwa farasi, karibu na kijiji cha Wadesmill, alishuka akakaa kando ya barabara akiwaza: kama haya niliyoyaandika ni kweli, basi lazima apatikane mtu wa kuyakomesha. Miaka miwili baadaye alikuwa mmoja wa wale 12.

Sasa angalia maamuzi ya kamati ile, maana hapa ndipo shule ilipo.

La kwanza walilofanya ni kuchagua swali. Granville Sharp, mwenyekiti wao, alitaka washambulie utumwa wote, mzizi na matawi. Wenzake wakamkatalia. Walitazama sheria ilivyokaa wakaona kwamba watumwa waliokuwa tayari kwenye mashamba ya Karibi walihesabiwa kuwa mali ya watu, na makoloni yale yalikuwa na mabaraza yao ya kutunga sheria. Ukigusa huko utaambiwa unapora mali. Lakini meli zinazotoka Liverpool, Bristol na London kwenda pwani ya Afrika Magharibi ziko chini ya Bunge la Uingereza moja kwa moja. Kwa hiyo wakaamua kupiga biashara ya kusafirisha watu, wakiamini kwamba ukikata mfereji, shamba litakauka lenyewe. Unaweza kuwalaumu kwa hilo, na wako waliowalaumu. Ila kumbuka kwamba petisheni ya 1783 ilikuwa safi kimaadili na haikusogeza kitu hata inchi moja.

La pili ni ushahidi. Mwaka huo huo wa 1787 Clarkson alipanda farasi akaenda Bristol na Liverpool, kwenye bandari zenyewe. Aliingia vilabu vya pombe usiku kutafuta mabaharia. Alipekua madaftari ya majina ya mabaharia, akaandika nani alipanda meli, nani alirudi na nani alikufa. Baada ya muda alikuwa na habari za mabaharia takribani 20,000. Kwenye duka moja la Liverpool alikuta vitu vinauzwa hadharani kama sufuria: pingu za mikono, pingu za miguu, kifaa cha kubana vidole gumba, na chombo cha chuma cha kupanua kwa nguvu kinywa cha mtumwa aliyegoma kula. Akanunua, akaondoka navyo. Kwenye gati ya Liverpool kundi la watu lilijaribu kumsukuma baharini, akaponea chupuchupu.

Jiulize, kwa nini ahangaike na mabaharia wa Kiingereza wakati wanaouzwa ni Waafrika? Ni kwa sababu alishajua hoja ya upande wa pili kabla haijatolewa. Wafanyabiashara walikuwa wakijitapa kwamba biashara hii ni chuo cha kuandaa mabaharia, na taifa lenye jeshi la majini haliwezi kuishi bila mabaharia. Clarkson akaja na majina: hiki mnachokiita chuo ni kaburi lao, wanakufa kwa wingi kuliko kwenye safari nyingine. Mbunge ambaye moyo wake haukuguswa na Mwafrika aliyefungwa minyororo sasa alilazimika kufikiria vijana wa jimbo lake. Inauma kusoma hivyo, najua. Lakini mshawishi huanza na kile ambacho mwenye kura anakiogopa.

Huko Liverpool Clarkson alikutana na mtu mmoja aitwaye Robert Norris, nahodha wa zamani wa meli za watumwa. Norris alimkaribisha vizuri, akampa habari nyingi za manufaa, akaonekana kama shahidi wa kutegemewa. Mwaka 1788 serikali ilipoanza uchunguzi, Norris akatokea kweli, ila upande wa wafanyabiashara wa Liverpool! Na akasema nini? Kwamba vyumba vya watumwa melini vilifukizwa ubani na kunyunyiziwa maji ya ndimu, na kwamba watu walicheza na kuimba. Ubani na ndimu! Mimi nikisoma hapo nakumbuka taarifa fulani fulani kwa vyombo vya habari ambazo huwa zinatua mezani kwangu zikinukia vizuri hivyo hivyo.

La tatu ni picha. Josiah Wedgwood, mfinyanzi tajiri, alitengeneza nembo ndogo ya kauri: Mwafrika amepiga goti, mikono ina minyororo, na maneno yanayouliza kama yeye si mtu na ndugu. Watu wakaivaa kama kipini na kuipachika kwenye vikasha vyao vya ugoro. Mwishoni mwa 1788 kamati ya Plymouth ikachora ramani ya ndani ya meli iitwayo Brookes ya Liverpool, na mwaka uliofuata London ikaichapa kwa wingi. Inaonyesha watu wamepangwa sakafuni kama samaki kwenye kopo. Sheria ya kwanza ya kupunguza msongamano, ya mwaka 1788, iliiruhusu meli hiyo kubeba watu 454. Kabla ya hapo iliwahi kubeba zaidi ya 600. Mchoro ule haukutia chumvi hata kidogo, na hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa: mpinzani hakuwa na pa kuukamata.

La nne ni sauti ya aliyeumia. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa mtumwa na kujinunua mwenyewe, alichapisha habari za maisha yake mwaka 1789, akazunguka Uingereza na Ireland akiuza kitabu na kuzungumza na watu. Kilitoka mara tisa akiwa hai. Yeye na Waafrika wenzake wa London waliandika barua magazetini na kwa wanasiasa. Na mwaka 1783, miaka minne kabla ya mkutano wa George Yard, ni Equiano aliyemkimbilia Sharp kumpa habari za meli ya Zong, ambayo mabaharia wake waliwatosa Waafrika zaidi ya 100 baharini wakiwa hai, kisha wenye meli wakadai bima. Hadithi nyingi za zamani zimemwacha Equiano pembeni. Tumrudishe mahali pake.

La tano ni umati. Mji wa Manchester ulikuwa umeshakua kwa viwanda vya pamba lakini haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Mwishoni mwa 1787 wakazi wake zaidi ya 10,000 walitia saini petisheni, kisha wakalipia matangazo kwenye magazeti ya miji mingine wakisema: nanyi fanyeni hivi. Mwaka 1788 petisheni zaidi ya 100 zikaingia Bungeni, na mwaka 1792 zikaingia 519. Wanawake, ambao hawakuwa na kura kabisa, waliipeleka siasa jikoni: wakasusia sukari ya Karibi. Clarkson alikadiria kwamba watu 300,000 waliacha kuitumia.

Na la sita ni mtu wa ndani. William Wilberforce alikuwa mbunge, msemaji hodari, na rafiki wa Waziri Mkuu William Pitt. Huyu ndiye mnayemsikia kwenye sinema na mahubiri. Lakini Wilberforce aliposimama Bungeni Mei 1789, mikononi mwake mlikuwa na kazi ya miaka miwili ya farasi na madaftari. Nyuma ya kila mbunge anayeng'ara yupo mtu aliyekesha na makaratasi, na jina la huyo gazetini hutaliona.

Basi, utasema, wakashinda. Thubutu!

Upande wa pili nao haukuwa umelala. Wenye mashamba na wafanyabiashara wa Karibi walikuwa na chama chao London, walijichangisha fedha kwa kila shehena, walikuwa na wabunge, walilipia vijitabu na mashahidi. Mwandishi mmoja wao alitoa ushauri mwaka 1789 kwamba neno "watumwa" liachwe, waitwe "wakulima wasaidizi". Msicheke. Ni mara ngapi tumeletewa taarifa ambayo wananchi wanaohamishwa kwa nguvu wameitwa "wanufaika wa mradi"?

Silaha yao kubwa ilikuwa muda. Wilberforce alipoleta hoja 1789 hawakusema hapana. Walisema Bunge lisikie kwanza ushahidi wake lenyewe. Ikapita miaka miwili. Kura ikapigwa Aprili 1791, hoja ikaanguka kwa 163 dhidi ya 88. Mwaka 1792, petisheni 519 zikiwa mezani, ilikuwa vigumu kwa mbunge kusema hadharani kwamba anaunga mkono biashara hii. Hapo akasimama Henry Dundas, waziri mwenye nguvu, akasema naye anapinga utumwa, ila pendekezo lake ni kuongeza neno moja tu: polepole. Wabunge wakashangilia kupata njia ya kuwa wema bila kufanya kitu. Marekebisho yakapita, Baraza la Malodi likaburuta miguu, mwaka 1793 vita na Ufaransa vikaanza, na kila aliyezungumzia haki akaonekana msaliti.

Mwaka 1796 walikosa kwa kura nne tu, 74 dhidi ya 70. Wilberforce alilalamika kwamba wabunge wa upande wake wa kutosha kugeuza matokeo walikuwa mashambani au wamekwenda kwenye opera. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakisafirishwa kila mwaka, na hatima yao ikategemea nani alikuwa na tiketi ya kwenda kusikiliza muziki. Kamati ikadhoofika. Clarkson alishaumwa na kuishiwa nguvu, akaenda kujipumzisha. Kwa miaka kadhaa ingeonekana kwamba mambo yamekwisha.

Kilichowaokoa ni mwanasheria mmoja, James Stephen. Huyu alikuwa ameishi Karibi, anaijua biashara ya bahari kwa ndani, na mwaka 1805 aliandika kijitabu kuhusu namna meli zenye bendera za nchi zisizopigana zilivyokuwa zinamnufaisha Mfaransa. Akagundua kitu. Sehemu kubwa ya biashara ya watumwa ya Waingereza ilikuwa ikihudumia makoloni ya mataifa mengine, yakiwemo ya adui. Kwa nini usilete muswada wa vita? Kwamba ni marufuku Mwingereza kumpelekea adui nguvu kazi. Hakuna neno la huruma, hakuna mahubiri.

Muswada huo uliletwa mwaka 1806 na Mwanasheria Mkuu wa serikali kama suala la usalama wa taifa. Wilberforce na wenzake walikaa kimya makusudi, maana wangepiga makofi tu siri ingefichuka. Wabunge wa Liverpool walipokuja kushtuka mambo yalikuwa yameshakwenda mbali. Ukapita Mei 1806, na kwa pigo moja sehemu kubwa ya biashara ikawa imekatwa. Waliokuwa wakitetea kilichobaki wakajikuta wanatetea mabaki. Tarehe 23 Februari 1807 baraza la chini lilipiga kura kufuta biashara yote: 283 dhidi ya 16. Mfalme akaridhia tarehe 25 Machi 1807. Kutoka duka la vitabu mpaka sheria, miaka 20.

Sitaki mfikiri kwamba watu 12 na vipini vyao ndio walioangusha jengo peke yao. Watumwa wa Haiti walikuwa wameshaasi mwaka 1791 na kuitia hofu dunia nzima ya wenye mashamba. Naye Eric Williams, mwanahistoria aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Trinidad na Tobago, aliandika mwaka 1944 kwamba uchumi wenyewe wa sukari ulikuwa umeanza kupungua thamani kwa Uingereza, na kwamba bila hilo huruma isingefua dafu. Wanahistoria wanabishana mpaka leo. Mimi naona hivi: upepo ukibadilika, anayefika ni yule ambaye tanga lake lilikuwa limeshashonwa.

Sasa tuje kwenye kile nilichosema kinaninyima usingizi.

Sheria ya 1807 ilifuta usafirishaji. Watumwa waliokuwa mashambani walibaki watumwa. Elizabeth Heyrick, mwanamke wa Leicester, aliandika mwaka 1824 akiwashambulia wanaume wa kamati kwa mwendo wao wa kinyonga, akadai utumwa ukomeshwe mara moja. Desemba 1831 watumwa wa Jamaica waliasi kwa maelfu wakiongozwa na Samuel Sharpe. Mwaka 1833 Bunge likapitisha sheria ya kuufuta utumwa kwenye makoloni mengi ya Uingereza, na mezani siku hizo chama cha wenye mashamba kilikuwa kimeshakaa mapema, na hesabu zake zimekamilika. Kikapata paundi milioni 20 kama fidia ya kupoteza mali. Hiyo ilikuwa takribani asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka. Serikali ilikopa kuilipa, na deni lenye mabaki ya mkopo huo lilikuja kumalizika mwaka 2015. Maana yake mlipa kodi wa Uingereza wa karne ya 21, wakiwemo wajukuu wa watumwa, alikuwa bado analipia fidia ya mabwana.

Na watumwa wenyewe, watu kama 800,000, walipata nini? Sifuri. Zaidi ya hapo walilazimishwa kuendelea kufanya kazi bila mshahara kwa jina jipya la "uanagenzi" mpaka mwaka 1838. Aliyewaza "wakulima wasaidizi" hakuwa mbali sana.

Kwa nini? Kwa sababu swali la fidia lilipoulizwa, wenye mashamba walikuwa na timu chumbani na watumwa hawakuwa nayo. Marafiki zao wa London waliwatetea wawe huru, lakini nani alikuwa amebeba daftari la mishahara yao isiyolipwa? Hakuna. Na kitu ambacho hakimo kwenye daftari hakiingii kwenye sheria.

Mtasema hayo ni ya Karibi, mbali na kwetu. Mtambo ule ule ndio uliokuja mpaka pwani yetu. Warithi wa kamati ile waliendelea kuibana serikali yao, na barua za David Livingstone kuhusu mauaji ya sokoni Nyangwe, mwaka 1871, zilipofika London ziliwasha moto magazetini. Bunge lilikuwa limeshaunda kamati ya kuchunguza biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki mwaka huo huo. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alifika Zanzibar, Sultani Barghash akamkatalia. Baadaye John Kirk akamweleza kwamba manowari zitafunga bandari. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia saini, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa.

Halafu tazama mwaka 1897, utumwa ulipoondolewa uhalali wake kisheria Unguja na Pemba. Mtumwa aliyetaka uhuru alitakiwa aende mahakamani mwenyewe kuuomba. Masuria waliachwa nje ya sheria ile kwa miaka mingine 12. Na aliyepewa haki ya fidia ni nani? Bwana. Ni muhuri ule ule wa 1833, umevuka bahari mbili na kugongwa kwenye karatasi zetu. Ukizunguka visiwani na mwambao ukauliza nani ana shamba na nani alikuwa kibarua kwenye shamba la mwenzake, utakuta historia hiyo bado inaongea.

Kwa hiyo nikirudi kwa wale mabwana na mabibi wa vibao vya milangoni, sina ugomvi na kazi yao. Kushawishi si kuhonga. Clarkson hakumpa mtu bahasha. Alimwaga pingu mezani akasema zishikeni wenyewe. Alichokuwa nacho kilipimika: jina la baharia, jina la meli, tarehe. Norris naye alikuwa anashawishi, ila ubani wake haukuwa na mtu wa kuunusa akathibitisha. Tofauti hiyo ndiyo inayotuhusu sisi wa kalamu. Tunapoletewa takwimu tuulize nani kazihesabu, lini, na nani kalipia.

Ugomvi wangu uko kwingine. Sasa hivi, wakati unasoma haya, kuna ofisa wizarani anaandika rasimu ya sera itakayosomwa Bungeni miaka miwili ijayo. Inaweza kuwa ya ardhi, ya mbegu, ya ada za miamala ya simu au ya machinga. Kampuni kubwa imeshampelekea faili lake, limefungwa vizuri. Mama anayeuza mboga sokoni hana idara ya masuala ya umma. Chama cha wakulima wa kijijini hakina mratibu wa ushawishi. Watakuja kuitwa kwenye siku moja ya kutoa maoni, Dodoma, kwa nauli yao wenyewe, wakati karatasi imeshakauka wino.

Walioanza George Yard walikuwa 12 tu, na kati yao hakuna aliyekuwa mbunge. Walianza kwa kuhesabu. Sisi tuliosoma, tunaojua kupekua madaftari na kuandika kurasa mbili zikaeleweka, tuko wengi zaidi ya hapo kwenye mtaa mmoja tu wa Sinza. Nani kati yetu ameanza kuhesabu kwa niaba ya huyo mama?